Tunamlaani konda bure, shida iko kwenye hesabu ya tajiri (uzi wa uchumi wa mtaani)

#1 Kosta Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga asubiri usiku. Niliwahi kumiliki Kosta moja hapa Dar, nikaachana nayo mwaka juzi. Nalisema hili mapema kwa sababu sikusoma uchumi chuoni. Darasa langu lilikuwa stendi, na ada nililipa kwa injini mbili.

Nianze na kisa mnachokijua wote. Asubuhi, giza halijatoka vizuri, mwanafunzi yuko kituoni na begi lake. Daladala inasimama, konda anaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Wa tatu anabaki. Sisi tuliokaa ndani tunasonya, tunasema makonda hawana utu, halafu tunarudi kwenye simu. Baada ya muda kiongozi fulani anatoa onyo kali, trafiki wanakamata kamata kwa wiki moja, na wiki inayofuata mkono umerudi mlangoni.

Sasa chukueni kalamu. LATRA, mamlaka inayopanga nauli, ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Mwanafunzi akabaki kwenye 200. Kiti ni kile kile na dizeli ni ile ile, ila akikaa mwanafunzi zimeondoka 400. Wakipanda kumi ni 4,000 kwa tripu moja. Nani katoa hizo 4,000? Serikali haijatoa hata mia. Tajiri, yaani mwenye gari, naye hajatoa, maana jioni anataka hesabu yake kamili, kile kiasi anachodai kila siku. Zimetoka mfukoni kwa suka (dereva) na konda. Yaani taifa limekubaliana kwamba mtoto aende shule kwa nauli nafuu, jambo jema kabisa, kisha bili ikapelekwa kwa kijana asiye na mkataba wa kazi, asiye na bima, anayelala saa tano na kuamka saa tisa. Halafu tunashangaa anaikwepa.

Kwa wasiojua hesabu inavyokwenda: mimi nilikuwa nadai elfu 80 kwa siku. Mafuta juu yao, faini za barabarani juu yao, mpiga debe juu yao. Kinachozidi ni chao. Maana yake tangu alfajiri hadi alasiri wanafanya kazi ya tajiri na ya sheli, na tripu zao wenyewe ni zile za jioni. Ikitokea foleni ya saa mbili, tajiri hapungukiwi na kitu, wanaopungukiwa ni wao. Ndiyo maana gari linapita pembeni kwenye vumbi, ndiyo maana wanakatisha ruti, ndiyo maana mnabanwa kama dagaa. Mnaposema "dereva huyu kichaa", mimi naona mtu aliyechelewa elfu 30 saa kumi jioni.

Mwaka wa pili nikajifanya mjanja. Nikawaita nikawaambia kuanzia Jumatatu hakuna hesabu. Dereva elfu 20 kwa siku, konda elfu 12, mafuta natoa mimi, nyie leteni chote kilichopatikana. Wiki ya kwanza gari lilitembea kama limebeba bibi harusi. Hakuna kukimbizana, wanafunzi wanapanda mpaka wanashangaa. Na kila jioni fungu likawa linanywea: baada ya kutoa mafuta, elfu 95, kisha elfu 70, kisha elfu 52. Mara mvua, mara tairi, mara foleni. Siku moja saa nne asubuhi nikapita na bodaboda, nikaikuta Kosta yangu chini ya mwembe na jamaa wawili wanacheza drafti. Sikuwa na la kuwaambia. Nilikuwa nimewalipa wacheze drafti.

Nikahamia asilimia: theluthi yao, theluthi mbili zangu. Theluthi ya nini sasa? Tiketi hazikatwi, anayejua kilichopatikana ni konda na Mungu wake. Ndipo nikaelewa kwa nini matajiri wa mji huu, ambao wala hawajuani, wote wameishia kwenye hesabu. Ni mkataba ambao huhitaji kumwamini mtu wala kumchunga. Unakaa nyumbani, saa nne usiku unapokea chako.

Baadaye nikaja kugundua kwamba wenye shahada zao walishaumiza kichwa na jambo hili hili. Joseph Stiglitz, mchumi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2001, alikuwa mtafiti pale Nairobi kati ya 1969 na 1971, na mwaka 1974 akachapisha kazi kuhusu wakulima wanaolima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Shida ni ile ile ya daladala: mwenye mali hawezi kukaa kutwa anamwangalia anayeifanyia kazi. Akimlipa mshahara, analala. Akimdai kodi isiyobadilika, anajituma kweli kweli, ila mvua isiponyesha anakufa njaa peke yake. Kugawana mavuno ni kuwa katikati, kila mmoja anaumia kidogo. Lakini mahindi yanaonekana shambani, mtu unayahesabu. Nauli haionekani.

Mkitaka ushahidi wa bure nendeni kijiwe chochote cha bodaboda. Pikipiki ya hesabu na pikipiki ya mkataba zinatambulika kwa macho. Ya hesabu kijana anarusha matuta, oili inabadilishwa ikishakuwa lami. Ya mkataba, ile ambayo akimaliza marejesho inakuwa yake, anaifuta asubuhi na jioni na akiiona njia ina mashimo anashuka anasukuma. Pengine ni kijana yule yule! Mwaka jana alikuwa wa hesabu, mwaka huu wa mkataba. Tabia imebadilika lini?

Hoja yangu ni hiyo tu. Kabla hatujasema watu wa nchi hii wana tabia mbaya, tuangalie kwanza wanalipwa wafanye nini. Karibuni.

#2 Jogoo la Shamba

Chai hii mzee. Roho mbaya ni roho mbaya. Mbona wapo makonda wanaobeba wanafunzi wote na hawajafa njaa? Nyie matajiri mnatafuta pa kujifichia.

#3 Mwalimu wa Advance

Mkuu Kosta, umeandika vizuri lakini kuna sehemu umeteleza, na kama mwalimu siwezi kuiacha.

Unasema ile 400 inatoka mfukoni kwa konda. Sasa jiulize: ruti ikiwa na shule nyingi, dereva anajua kabisa kwamba asubuhi atabeba wanafunzi. Utakapomwambia elfu 80 atakwambia bosi hapo hapana, hiyo ruti nina uwezo wa elfu 70. Ukikataa, gari linalala uani. Kwa hiyo sehemu ya mzigo inakurudia wewe tajiri, bila wewe kujua. Anayekabidhi fedha si lazima awe ndiye anayebeba mzigo. Ni kama kodi: anayeipeleka TRA ni mwenye duka, lakini uliza imelipwa na nani.

#4 Kosta Mstaafu

Mwalimu, hapo umenishika. Na ni kweli, ruti zenye shule nyingi tulikuwa tunakubali hesabu pungufu, tukidhani ni huruma yetu.

Lakini twende mlangoni. Hesabu ikishapangwa imepangwa. Wastani wa wanafunzi umo ndani yake, sawa, ila konda pale mlangoni haamui wastani, anaamua mwanafunzi huyu mmoja. Akimwacha, hesabu haipandi, na 400 anabaki nayo. Tena akiwabeba wale walioachwa na gari lililotangulia, anakuwa amelipia na sehemu ya mwenzake. Kwa mfumo huo mwenye huruma ndiye anayerudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake anajifunza.

Jogoo, hao wanaobeba wote wapo, siwakatai, nitawarudia.

#5 Mwalimu wa Advance

Hapo tunakubaliana. Kwa hiyo onyo la mkuu wa wilaya halitibu, kinachotibu ni mtu kulipa ile 400 kwa gari lililobeba. Mtoto apewe kadi, aiguse mlangoni, mwisho wa wiki serikali imrudishie mwenye gari tofauti yake.

#6 Jogoo la Shamba

😂😂 Mwalimu unaishi nchi gani? Tulishakuwa na watumishi hewa, sasa mnatuletea wanafunzi hewa. Konda atakuwa na kadi arobaini mfukoni, anazigusisha mwenyewe tangu Mbagala mpaka Posta.

#7 Kosta Mstaafu

Jogoo, hongera, umeshakuwa mchumi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufikiri: ukibadilisha malipo, kwanza jiulize wajanja watakula wapi.

#8 Msomaji wa Nairobi

Mimi huwa nawasoma tu kimya kimya kutoka Nairobi, leo nimeshindwa kunyamaza. Matatu zetu ni hadithi hiyo hiyo, dereva na makanga wana kiasi cha kumpelekea mwenye gari kila jioni. Mwaka 2004 waziri John Michuki alituletea kanuni: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kila kiti, mstari wa manjano kwenye bodi. Kwa muda barabara zilitulia, hata wazee waliacha kushika rozari ndani ya gari. Halafu pole pole watu wakajua vile kidhibiti kinachezewa.

Lakini kuna kitu kingine kilifanywa hapa ambacho hakikugusa dereva moja kwa moja. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu, zikimwambia abiria asinyamaze dereva akiendesha vibaya. Stika tu, hakuna polisi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2011: kwenye magari yale madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili.

Kile mimi napenda zaidi ni hiki: nani angezuia dereva kubandua stika siku ya kwanza? Waliwawekea bahati nasibu ya kila wiki. Gari lako likichaguliwa na stika bado zipo, unashinda pesa. Kwa hivyo dereva mwenyewe ndiye alikuwa analinda stika inayomchongea.

#9 Kosta Mstaafu

Ndugu wa Nairobi, hiyo ya bahati nasibu imenimaliza. Karibu sana, usinyamaze tena.

Na angalieni abiria hapo. Gari zima linaogopa, lakini kila mmoja anasubiri mwingine apige kelele, kwa sababu wa kwanza atatukanwa peke yake na faida watagawana wote. Stika inampa mtu kisingizio: "si mimi, imeandikwa hapo."

#10 Mpangaji wa Sinza

Samahani wakuu, natoka nje kidogo ya barabara. Mbona hamtuelezi kodi ya nyumba? Mshahara tunalipwa kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Mimi kila Januari na Julai nakopa kwenye kikoba ili nimlipe mtu ambaye ana nyumba tatu. Hapo napo nimhurumie? Mchumi aniambie.

#11 Mama Mwenye Nyumba

Mwanangu wa Sinza, mimi nina vyumba vinne tu, si nyumba tatu, ngoja nikujibu.

Nilishawahi kupangisha kwa mwezi. Kijana mtanashati, salamu nyingi, mama shikamoo asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu kodi ikasimama. Nikaenda serikali ya mtaa, nikaenda barazani, njoo wiki ijayo, njoo na shahidi. Miezi saba kakaa bure, na alipoondoka aliondoka na taa. Ndiyo nikaanza miezi sita. Sikujui, sina pa kukuuliza ulikotoka ulilipaje, na ukigoma kutoka sina nguvu ya kukutoa haraka. Hiyo miezi sita ndiyo dhamana yangu.

Na jambo la pili nikwambie ukweli. Bati niliezeka kwa kodi ya mkupuo. Benki walinitaka hati, mimi nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Wapangaji wangu ndio benki yangu.

#12 Mwalimu wa Advance

Mama, shikamoo. Umenitolea somo ambalo huwa nalifundisha vipindi viwili.

Dada wa Sinza, soma tena sentensi ya mwisho ya mama. Ile miezi sita ni vitu viwili kwenye bahasha moja. Cha kwanza ni dhamana, kwa kuwa hakuna anayejua historia ya mpangaji na kesi inachukua muda. Cha pili ni mkopo usio na riba: wewe unakopa kikoba kwa riba, unamkopesha mama bila riba. Mwenye uhakika mdogo wa pesa anamkopesha mwenye nyumba! Sheria ikitamka kesho kwamba ni marufuku kupokea zaidi ya mwezi mmoja, mama bado atakuwa na hofu yake na bati lake. Atafanyaje? Atapandisha kodi, au atachagua: mwenye ajira ya serikali karibu, mama lishe na fundi waende mbele. Ukitaka kodi ya mwezi kweli, anza na baraza linaloamua kesi kwa wiki mbili.

#13 Mpangaji wa Sinza

Shikamoo mama. Nimeelewa, ila taa kweli aliondoka nayo? 😂

#14 Mama Mwenye Nyumba

Marahaba. Na kitasa.

#15 Graduate Mtaani

Wakuu, mimi nina degree na miaka mitatu mtaani. Niliacha duka la mzee kule kwetu nikaja Dar kusubiri ajira. Kila mtu ananiambia vijana hatujitumi, turudi tukalime. Uchumi wenu unasemaje kuhusu mimi?

#16 Mwalimu wa Advance

Uchumi unasema wewe si mjinga. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro waliandika kuhusu jambo hili wakiwa na Kenya akilini. Wazo lao: anayekuja mjini halinganishi kipato cha shamba na mshahara wa mjini, analinganisha kipato cha shamba na mshahara wa mjini ukizidisha na nafasi yake ya kuupata. Kama kazi ya mjini inalipa mara nne ya dukani kwenu, hata ukiwa na nafasi moja kati ya tatu, kuja kunalipa, ukiwa na uvumilivu na shemeji wa kukulisha.

Jambo lenyewe lina uchungu wake. Mwaka 1964 Kenya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi nao wasidai nyongeza kwa muda. Kazi zikaongezeka. Vijana vijijini wakasikia Nairobi kuna kazi, wakafunga mizigo. Tatizo la wasio na kazi mjini halikuisha, maana kila nafasi iliyofunguka iliita zaidi ya mtu mmoja.

Kwetu mnakumbuka Juni 2014 Uwanja wa Taifa? Nafasi za Uhamiaji 70, waliofika kwenye usaili zaidi ya 10,000. Walioona picha wakacheka kwamba hawa hawajui hesabu. Wanaijua sana. Kazi yenye mshahara usiokatika na pensheni ina thamani kubwa kiasi kwamba hata bahati finyu inatosha kumtoa mtu kitandani.

Kwa hiyo mdogo wangu, kukuambia "rudi ukalime" ni kelele kama duka na shamba vinabaki vilivyo. Pengo lile la kipato lipungue upande wa kule.

#17 Jogoo la Shamba

Sawa, nimewasoma wote. Swali langu la mwisho: kwa maelezo haya kila mtu ana sababu. Konda ana sababu, tajiri ana sababu, mwenye nyumba ana sababu, mpaka aliyeiba kitasa ana sababu. Basi hakuna mbaya? Uchumi wenu ni wa kutetea kila mtu.

#18 Kosta Mstaafu

Jogoo, hilo ni swali zuri kuliko uzi wangu. Kujua kwa nini mtu kafanya hakumfanyi awe sahihi. Daktari anayejua malaria inakuja na mbu hajaitetea malaria.

Nilisema nitawarudia wale wanaobeba wote. Konda wangu wa kwanza alikuwa habagui wanafunzi wa mtaa wake. Nilimuuliza, akaniambia: "Bosi, jioni nakutana na mama zao gengeni." Nikajisemea hiyo nayo ni bei, analipwa kwa heshima, uchumi umeshinda. Lakini Ijumaa alikuwa anabeba hata asiowajua, wengine bila kuwadai kitu, na hiyo nikaikosea jina. Aliita sadaka. Nimejaribu kuiingiza kwenye hesabu zangu imekataa kuingia, nikaiacha ilivyo.

Ila huwezi kuendesha usafiri wa mji mzima kwa kutegemea Ijumaa ya mtu.

#19 Graduate Mtaani

Mzee Kosta, gari lenyewe liliishia wapi? Nina hela kidogo ya mirathi, nilikuwa nafikiria kuingia kwenye daladala.

#20 Kosta Mstaafu

Nilimpa dereva wangu kwa mkataba. Miaka miwili, marejesho kila Jumamosi, akimaliza kadi ya gari inahamia kwake. Hutaamini, injini haikufunguliwa hata mara moja. Mashimo yote ya ruti ile aliyajua kwa majina. Wanafunzi alikuwa anabeba kwa mpangilio, kukatisha ruti kukaisha. Nikasema nimepata dawa.

Alimaliza deni mwezi wa tatu. Sasa hivi ni tajiri, hapandi usukani tena, ameweka dereva na anadai hesabu ya elfu 90. Jana usiku kanipigia simu analalamika nusu saa nzima: huyo kijana anakimbiza gari, anarusha mashimo, na wazazi wamemfuata nyumbani kwamba anaacha watoto kituoni.

Mirathi kaa nayo kwanza, njoo inbox tuongee.